Kapasita ya tantali

Kapasita ya tantali ni kijisehemu cha maunzi ya kompyuta, pengine kidogo kuliko punje ya mchele. Huhifadhi chaji ya umeme na kuiachia volteji inapoyumba, ili prosesa ipate umeme tulivu. Maunzi ni vyote vinavyoshikika: bodi kuu, kumbukumbu, diski, kibodi, skrini. Programu hazishikiki, ni maagizo yanayoyaendesha maunzi hayo.

Tantali, metali iliyogunduliwa na Msweden Anders Gustaf Ekeberg mwaka 1802, hupendwa kwa kuwa utando mwembamba wa oksidi yake huzuia umeme, hivyo chaji nyingi hukaa katika nafasi ndogo. Madini yake, koltani, huchimbwa kwa sururu na koleo huko Rubaya, eneo la Masisi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bei ilipopaa mwaka 2000, wachimbaji na makundi yenye silaha waliyakimbilia machimbo. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya madini hayo, sheria iliyosifiwa Washington kuliko Masisi. Waasi wa M23 waliitwaa Rubaya mwaka 2024, na Goma yenyewe Januari 2025. Koltani husafishwa ng'ambo. Hurudi madukani Goma ikiwa ndani ya simu na kompyuta.