Kirando: Shamba na Njia Yake

Mkoloni hakujenga njia ili mkulima wa Ufipa auze. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ilianza safari chini ya Waingereza mwaka 1927, ikipita Kirando. Mwaka 1950 reli ikafika Mpanda, kufuata madini ya risasi. Ulezi na mahindi ya uwandani hayakufuatwa na reli yoyote. Bidhaa iliyotakiwa kwetu ilikuwa jasho: vijana walikwenda kukata mkonge Tanga.

Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 tulianza kuusahihisha udhalimu huo. Kwa bei moja ya mahindi nchi nzima, mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na mwenzake aliye jirani na soko. Gharama ya lori ikabebwa na taifa. Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne iliyolisha nchi.

Hata hivyo tujikosoe, Ndugu. Kilimo cha Wafipa ni cha kufukia majani katika matuta, kazi inayomtaka mkulima awe karibu na shamba. Katika Operesheni Vijiji tulizipanga nyumba kufuata barabara, hatukuuliza mashamba yako wapi. Nayo bei moja ilipoachwa, umbali ulimrudia mkulima mgongoni. Lami kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga katika miaka ya 2010, wakati mvuvi wa Kirando angali akipandisha dagaa na migebuka kwa barabara ya vumbi, kuvuka ukuta wa bonde la ufa.