Uongoaji: Maana Yake Katika Misitu ya Kisarawe na Kibaha

Mwaka 2021 Tanzania iliadhimisha Siku ya Mazingira Duniani kwa kaulimbiu iliyohimiza matumizi ya nishati mbadala ili kuongoa mfumo ikolojia. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulianzisha muongo wa kazi hiyo, utakaomalizika 2030. Tangu hapo neno uongoaji limezoeleka kwenye hotuba na mabango, lakini wengi hulitumia kwa maana ya kupanda miti tu. Kwa kufanya hivyo tunalipunja neno, na misitu yetu pia.

Uongoaji wa ikolojia ni kuusaidia mfumo ulioharibiwa upate nafuu: mimea yake ya asili, wanyama wake, udongo na maji yake, pamoja na namna vyote hivyo vinavyotegemeana. Wapo wanaosema urejeshaji, na wanaeleweka. Hata hivyo, anayerejesha kitu hukibeba mwenyewe mpaka kilipotoka. Anayemwongoa mtu humwonyesha njia iliyonyooka, naye akishaongoka hutembea kwa miguu yake. Msitu nao ukiondolewa kinachouzuia huanza kuota wenyewe, ndiyo maana naona istilahi hii inafaa zaidi.

Tutazame Pugu na Kazimzumbwi, misitu ya wilaya ya Kisarawe inayopakana na Dar es Salaam na ambayo vilima vyake ndivyo chimbuko la Mto Msimbazi. Leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia uliotimka kama brashi ya kuoshea chupa, ambaye anajulikana katika misitu michache tu ya pwani. Yumo pia Sheppardia gunningi, ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa anayetafuta wadudu chini kwenye kivuli. Mistari ya mikaratusi haitawafaa viumbe hawa. Wanahitaji msitu wenye vichaka, mitambazi na majani makavu yanayooza ardhini.

Kinachoizuia misitu hii kinajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 2005 eneo kuu la uchomaji mkaa lilisogea kutoka kilomita 20 hivi hadi kilomita 50 kutoka Dar es Salaam. Kisarawe na Kibaha zilikuwa njiani. Panga na moto vikikoma, hondohondo huanza kazi. Humeza tunda zima, huruka nalo mbali na mti lilikochumwa, kisha huitema mbegu. Mche unaoota hapo haukupandwa na mtu, na wala haukugharimu shilingi.

Kuna mahali ambapo uongoaji hudai kuondoa wanyama fulani. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kilifanywa hifadhi mwaka 1994, na mwaka 1997 panya walioletwa na binadamu wakaangamizwa. Baadaye paa nunga, aliyekuwa akipungua Unguja kwa kuwindwa, akahamishiwa huko. Bara hali ni nyingine. Tai, chatu na kanu wa Pugu ni wawindaji wa asili, na msitu unawahitaji. Anayestahili kudhibitiwa ni mvamizi, kama kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Sasa amejaa Dar es Salaam, na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Kwa hiyo kuwinda peke yake si kosa la mnyama. Tuulize kwanza kama ni mwenyeji au mvamizi.

Upandaji miti nao una nafasi yake. Katika msitu wa Ruvu Kaskazini, Kibaha, wakazi waligawiwa maeneo ya kupanda miti ya kuni na mkaa. Hilo ni shamba la nishati, na ni jambo jema, kwa kuwa kila gunia linalotoka huko linaweza kuuokoa mti wa asili kwingineko. Shamba hilo ni msaada kwa uongoaji, lakini haliwezi kuchukua nafasi yake.

Basi mradi unapojiita wa uongoaji, wananchi wa Kisarawe na Kibaha wauulize maswali matatu: Umeondoa kitu gani kilichokuwa kikiuzuia msitu? Ni mimea gani ya asili inayoota bila kupandwa? Ni ndege na wanyama gani wamerudi? Ukijibu kwa idadi ya miche pekee, huo ni upandaji miti, na uandikwe hivyo hata kwenye bango lake.