Tangambili: majuma ambayo kaskazi imeondoka na kusi haijakaa

Masika yakikaribia kuisha, maswali yanayonifikia ni yale yale. Kusi itaingia lini? Nianike mbata sasa au nisubiri? Nipeleke dagaa Nyamisati wiki hii au ijayo? Sehemu ya jibu imo kwenye utabiri wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Sehemu nyingine haimo humo. Imo katika historia ya pwani hii, na leo nataka tuipitie hiyo.

Wazee wetu waliugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili, ikapata nguvu Juni na Julai, kisha ikalegea kuelekea demani. Katikati, upepo mmoja unapoondoka na mwingine haujashika, ni tangambili: chombo kinaweza kutweka tanga kwenda upande wowote. Neno ni zuri, lakini lina onyo ndani yake. Upepo unaokuruhusu kwenda kokote ni upepo usioaminika.

Mabaharia wa Oman na Ghuba walilijua hilo kwa gharama. Walikuja na kaskazi wakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, wakarudi na kusi wakiwa wamepakia boriti za mikoko kutoka mdomo wa Rufiji, hapo ng'ambo ya Bwejuu. Kwao ni jangwa, miti ya kujengea ni adimu, kwa hiyo boriti za Rufiji ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba nyingi za huko. Hesabu yao ya mwanzo wa kiangazi cha Uarabuni ilikuwa ngumu. Ukitoka mapema, upepo hakuna. Ukichelewa, kusi ya Juni na Julai inakukuta karibu na Uarabuni ya kusini ikiwa na nguvu ambayo jahazi haliwezi kuikabili. Ndiyo maana wengi waliondoka Aprili na Mei, kusi ikiwa bado changa.

Hesabu hiyo ilishikwa na mwaka wa Nairuzi, unaohesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi. Ni miongo 36, kisha siku tano za kufungia, jumla siku 365. Wengi bado wanaitumia kwa kupanda. Nina heshima nayo, ila nina jambo moja la kusema. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, basi Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, kama siku 24 katika karne. Babu wa babu yako akisema "panda mwongo fulani", mwongo huo leo unaangukia takriban mwezi mmoja kabla ya pale alipokuwa anauona yeye. Alichokuwa anakitazama hasa ni upepo, na upepo haukuhama pamoja na hesabu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nimesikia mara nyingi kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, huku kwetu havifiki. Tazama tarehe hizi.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sultani Barghash alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti. Merikebu zake zilizama au zilitupwa ufukweni, minazi ikalala, na karibu theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja ikang'oka. Bagamoyo nako majengo ya misheni yalibomolewa. Pemba iliguswa kidogo tu, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mkarafuu huchukua miaka mingi hadi kuzaa vizuri, kwa hiyo mwenye shamba aliyeweka kila kitu kwenye zao moja alikaa muda mrefu bila kipato, na madeni hayakumsubiri. Mwaka uliofuata Waingereza wakamlazimisha Barghash kutia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa. Biashara hiyo ilistahili kufa, lakini Sultani aliingia kwenye mazungumzo hayo akiwa hana hata merikebu za kutosha.

Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, siku ile ile, kimbunga kikaipiga Lindi. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Jobo alikuja kuelekea pwani yetu akafifia baharini. Na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya akafika Mafia yenyewe, baada ya mafuriko ya Rufiji ya mwezi uliotangulia.

Ziangalie tena: katikati ya Aprili hadi mwanzo wa Mei, zote ndani ya tangambili. Sidhani ni bahati. Mwisho wa kaskazi bahari imeshapata joto la miezi mingi, na joto ndilo chakula cha kimbunga. Kusi ikishakaa sawasawa bahari hupoa, na upepo wa juu na wa chini huachana mwendo na upande, kimbunga kikachanika kabla hakijasimama. Kinachotulinda kwa kawaida ni ukaribu wetu na ikweta, maana huko vimbunga hupata shida kujizungusha. Lakini Mafia ipo karibu nyuzi 8 kusini. Ulinzi upo, si ukuta.

Wenye ndugu Oman wanajua kwamba huko nako ni hivyo hivyo, kwa upande wao wa ikweta. Mekunu kilipiga karibu na Salalah mwishoni mwa Mei 2018, na Gonu kilifika Maskati Juni 2007. Ni majuma yale yale ambayo upepo unageuka. Kusi ikishakaa, Salalah hupata manyunyu na ukungu huku Maskati ikiungua kwa joto.

Kwa hiyo unaposikia utabiri wa msimu ukisema mvua zitakuwa za wastani au chini ya wastani, elewa kilichosemwa. Ni jumla ya miezi mitatu kwa eneo zima. Haukuambii kuhusu Jumamosi ijayo. Hidaya hakuwamo kwenye utabiri wa msimu na hakupaswa kuwamo. Alitangazwa siku chache kabla, na hizo siku chache ndizo zilizowezesha boti za Dar es Salaam na Zanzibar kusimamishwa na wavuvi kuvuta vyombo. Mwaka 1872 hakukuwa na hata siku moja.

Mimi nashauri hivi kwa Bwejuu. Kuanzia tarehe 10 Aprili hadi katikati ya Mei, fuata utabiri wa bahari wa kila siku, si wa msimu tu. Likitolewa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mashua ndogo isivuke mkondo, hata kama asubuhi bahari ni shwari kama maji ya kisimani. Mbata na dagaa anika kidogo kidogo, kiasi unachoweza kukiingiza ndani kwa nusu saa. Muhogo uliokomaa sehemu ya bondeni ng'oa mapema, kwa sababu maji yakisimama siku tatu unaoza. Minazi iliyozeeka karibu na nyumba ikatwe Februari, wala si mawingu yakishafunga.

Mwenye duka naye ana lake. Hidaya alipopita, barabara ya Kusini ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mzigo unaopitia bara ukikwama, na boti ya Nyamisati imesimama, Bwejuu inabaki na kilichopo kwenye rafu. Unga, chumvi, sukari na mafuta ya siku 10 viwe vimeshafika kabla Aprili haijafika katikati.