Bibi Lillian Trasher na Mayatima wa Asyut

Wahenga walinena, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Methali hii yatukumbusha kuwa uzazi na ulezi ni mambo mawili, na kwamba yule aleaye aweza kuwa si yule aliyezaa. Makala haya yanakusudia kueleza maisha na imani ya mwanamke mmoja ambaye hakuolewa wala hakuzaa, walakini alipofariki mwaka 1961 waliopata kumwita Mama walihesabiwa kwa maelfu. Naye ni Bibi Lillian Trasher, Mmarekani, mwanzilishi wa nyumba ya mayatima katika mji wa Asyut, Misri ya Juu.

Habari zake zimesimuliwa mara nyingi na watu wa dini yake, na aghalabu husimuliwa kama habari za mtakatifu: aliomba, akapewa. Wanahistoria wa Misri ya kisasa nao wamezichungua, lakini wao hutazama zaidi ugomvi uliozuka baina ya wamisionari na Waislamu kwa ajili ya watoto. Kila upande una haki yake. Nia yangu ni kuziweka habari hizo katika mizani moja, kwani mtu akisoma upande mmoja tu hatafahamu ilikuwaje nyumba hiyo ikadumu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tulitazame neno lenyewe. Neno yatima tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika matumizi yetu ni mtoto aliyefiwa na wazazi, ama wote wawili ama mmoja wao. Lakini katika Kiarabu cha wanasheria, yatima ni mtoto ambaye hajabaleghe aliyefiwa na baba. Aliyefiwa na mama, hali baba yake yu hai, si yatima kwa maana hiyo, maadamu anaye wa kumlinda. Kwa wanyama mambo ni kinyume: kinda huitwa yatima akipotelewa na mama. Sheria ya Kiislamu yasisitiza sana haki za yatima, na kumlea ni jambo lenye sifa kubwa. Mtume Muhammad mwenyewe alikuwa yatima. Walakini sheria hiyo haikubali mlezi amfanye mtoto kuwa wake kwa kumbadili nasaba. Ulezi ni wa mlezi, lakini nasaba hubaki kwa ukoo. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo litakalotufafanulia mambo ya mwaka 1933.

Bibi Trasher alizaliwa tarehe 27 Septemba 1887 katika mji wa Jacksonville, Florida, akakulia katika jimbo la Georgia. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika makao ya mayatima ya Bibi Mattie Perry, mjini Marion, North Carolina. Huko alijifunza mambo mawili. La kwanza lilikuwa la mikono: kuosha watoto, kushona nguo zao, kupika chakula cha watu wengi kwa vitu vichache. La pili lilikuwa la moyo. Makao yale hayakuwa na mfuko wa fedha uliowekwa, wala mshahara ulioahidiwa. Walioyaendesha walimwomba Mungu mahitaji ya kila siku, wakapokea kile kilicholetwa. Desturi hiyo ilikwisha kujulikana tangu siku za George Müller, aliyeanza kulea mayatima kwa namna hiyo mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836.

Mwaka 1910 Bibi Trasher alikuwa ameposwa na mhubiri, na siku ya arusi imekaribia. Siku chache kabla ya arusi alimsikia mmisionari akieleza kazi yake, akasadiki kuwa yeye naye ameitwa kwenda Afrika. Mchumba hakuwa na wito huo, na arusi ikavunjwa. Bila ahadi ya chama chochote kumlipa, Bibi Trasher alipanda meli New York mwezi wa Oktoba pamoja na dada yake Jennie, akafika Iskandaria, na kutoka huko akapanda mpaka Asyut. Alikuwa na umri wa miaka 23, wala hakujua Kiarabu.

Asyut haukuwa mji mgeni kwa wamisionari. Wapresbiteri wa Marekani walikuwa wamekwisha kukaa huko kwa miaka mingi, wakijenga shule na hospitali, na Wakristo wa Kikopti walikuwa wengi katika mji na vijiji vyake. Baadhi yao walikuwa matajiri wakubwa. Hata hivyo fukara walikuwa wengi zaidi, Waislamu na Wakristo, nao walipofikwa na kifo au maradhi hawakuwa na pa kukimbilia ila jamaa zao.

Mapema mwaka 1911 aliitwa kwenda kumwona mwanamke aliyekuwa akikata roho. Kando yake palikuwa na mtoto mchanga akinyonya kopo la bati lenye maziwa yaliyochacha hata yakawa ya kijani. Mama akafa, mtoto akakabidhiwa mgeni. Bibi Trasher alimpeleka nyumbani mwa misheni alimokaa. Mtoto akalia usiku kucha, usiku baada ya usiku, hata wenyeji wake wakamwambia amrudishe alikotoka. Akakataa. Kwa fedha kidogo alizokuwa nazo alipanga nyumba kwa dola 12 na nusu kwa mwezi, akahamia humo pamoja na mtoto. Tarehe 10 Februari 1911 ndiyo ihesabiwayo kuwa siku ya kuanzishwa kwa nyumba ya mayatima.

Wasomaji wengi wa habari hii huishia katika ushujaa wa binti yule. Mimi naona jambo jingine lastahili kuangaliwa sawasawa, nalo ni chakula cha siku zilizofuata. Bibi Trasher hakuwa na mfadhili. Inasimuliwa kuwa sadaka ya kwanza aliyopokea ilikuwa senti 35, na aliyeitoa alikuwa kijana wa ofisi ya simu. Kisha alipanda punda akaenda kijiji kwa kijiji akiwaomba watu msaada kwa ajili ya watoto, nao wakampa: huyu nafaka, yule nguo, mwingine piasta chache. Waliotoa walikuwa Wakopti, walikuwa na Waislamu pia. Basi imani yake, ambayo yeye mwenyewe aliieleza kuwa ni kumtegemea Mungu peke yake, katika mambo ya kila siku ilikuwa pia ni kuwategemea majirani. Wala sioni kwamba kusema hivi ni kuipunguza. Binti wa kigeni kusimama mlangoni pa mkulima fukara, akiamini kwamba hatarudi mikono mitupu, ni imani kwa Mungu na ni imani kwa mwanadamu.

Idadi ya watoto ikaongezeka, nyumba ya kupanga ikawa ndogo. Pakapatikana kiwanja ng'ambo ya Mto Naili, na nyumba mpya zikaanza kujengwa. Watoto wenyewe walisaidia kufyatua matofali. Mwaka 1919 Wamisri walipoinuka dhidi ya utawala wa Waingereza, ghasia zilifika Asyut, na Bibi Trasher alilazimika kuondoka kwa muda. Mwaka huo ndipo alipojiunga na kanisa la Assemblies of God, ambalo tangu hapo lilimsaidia. Aliporudi aliendelea kujenga, na ilipofika mwaka 1923 nyumba ilikuwa na watu wapatao 300, kwa kuwa hakupokea watoto peke yao. Wajane walikuja pamoja na watoto wao, na wanawake vipofu nao wakapewa mahali. Wavulana walifundishwa kazi za mikono, wasichana walifundishwa kazi za nyumbani, na wote walifundishwa kusoma.

Wote walifundishwa pia dini ya Kikristo, na hapa hapana budi kusema wazi. Bibi Trasher hakuficha kuwa alitaka kila mtoto wake aongoke. Katika barua zake kwa wafadhili wa Marekani alieleza kwa furaha uamsho wa mwaka 1927, watoto walipoomba na kulia na kutubu kwa siku nyingi. Kwake yeye kumlisha mtoto na kumhubiria vilikuwa tendo moja la upendo. Lakini furaha iliyoandikwa katika barua ile ndiyo iliyokuwa hofu ya jirani Mwislamu, aliyeona kuwa mtoto wa ukoo wake aweza kuingia nyumba ile kwa ajili ya mkate na kutoka akiwa wa ukoo mwingine.

Hofu hiyo ililipuka mwaka 1933, wala haikulipukia Asyut. Katika mji wa Port Said, msichana Mwislamu wa miaka 15, aliyelelewa katika nyumba ya mayatima ya misheni ya Wasweden, alipigwa na msimamizi wake, na habari ikaenea kuwa alipigwa kwa kukataa kuacha dini yake. Magazeti yakaichukua habari hiyo nchi nzima. Chama cha Ndugu Waislamu, kilichoasisiwa na Hasan al-Banna mwaka 1928, kilikuwa miongoni mwa waliopiga mbio kuwaamsha watu. Wengi wakauliza: ikiwa yatima ni amana, kwa nini tumewaachia wageni amana yetu? Mwanahistoria Beth Baron, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya mambo hayo, ameonyesha kuwa kisa hicho kiliisukuma serikali ya Misri na vyama vya Kiislamu kujenga nyumba zao za mayatima, na kwa njia hiyo wamisionari, bila kutaka, waliwachochea wapinzani wao kutenda kazi ile ile.

Serikali ilichunguza nyumba nyingine pia, na watoto wa Kiislamu waliokuwa kwa Bibi Trasher wakaondolewa, makumi kwa makumi. Alihuzunika sana. Alikuwa amewalea baadhi yao tangu utoto, na kwake yeye kuondoka kwao kulikuwa kama kufiwa. Mtu akitazama upande wake ataona mama aliyenyang'anywa wana. Akitazama upande wa pili ataona jamii iliyokumbuka wajibu wake baada ya kuusahau. Pande zote mbili zilisema neno yatima, na kila upande ulilielewa kwa namna yake. Kwa Bibi Trasher, yatima alikuwa mtoto asiye na wa kumlea, na amleaye ndiye mzazi wake mbele ya Mungu. Kwa waliompinga, yatima hakosi wenyewe: akifiwa na baba, ukoo u hai, ukoo ukishindwa, umma u hai. Maana hizi mbili haziwezi kupatanishwa kwa kamusi.

Neno la kutazamwa ni kwamba, baada ya pigo hilo, hakufunga nyumba wala hakuihama nchi. Aliendelea na watoto waliobaki, wengi wao wakiwa Wakopti, na idadi ikapanda tena. Wakati wa Vita Kuu ya Pili misaada ilikatika, na watoto walikuwa karibu kukosa nguo. Mwaka 1941 shehena ya misaada iliyokusudiwa kwenda Uyunani, nchi ambayo ilikwisha kutekwa na Wajerumani, iliteremshwa Iskandaria, na sehemu yake ikapelekwa Asyut. Wafuasi wake huihesabu siku hiyo kuwa jibu la maombi. Mwanahistoria hana kipimo cha jambo hilo. Awezalo kuthibitisha ni kuwa watoto walivaa.

Mwaka 1952 mfalme aliondolewa, na mwaka 1956 vita vya Suez viliwafanya wageni wengi kuondoka Misri. Nyumba ya Asyut ikabaki. Huku kubaki ndiko kunakonifanya niseme kuwa haikuwa tena nyumba ya kigeni. Waliokuwa wakifundisha na kupika na kulea wadogo humo walikuwa kwa sehemu kubwa Wamisri, na wengi wao walikuwa wamelelewa humo humo. Bibi Trasher alifariki tarehe 17 Desemba 1961, baada ya kuishi Misri zaidi ya miaka 50, akazikwa Asyut. Wakati huo nyumba ilikuwa na watu zaidi ya 1,000, na waliopata kulelewa humo tangu mwanzo hukadiriwa kuwa zaidi ya 8,000. Kazi haikufa pamoja naye. Nyumba ingaliko, na bado huitwa kwa jina lake.

Tuseme nini basi? Habari nyingi tulizo nazo zimetoka katika barua za Bibi Trasher mwenyewe, nazo ziliandikwa ili kuwashukuru wafadhili na kuwaomba wengine. Kwa hiyo zatuonyesha vizuri zaidi moyo wa mlezi kuliko moyo wa aliyelelewa. Yatupasa kuzisoma kwa heshima na kwa hadhari. Lakini hata tukizipunguza kwa hadhari yote, mambo mawili husimama. Imani yake ilimfanya akae pale ambapo mtu mwenye hesabu nzuri angaliondoka. Na imani hiyo hiyo ilimfumba macho asione kwamba mtoto aweza kuwa na njaa na bado akawa na wenyewe.

Wamisri huiita nyumba ya mayatima kwa neno ambalo asili yake ni kimbilio. Nadhani jina hilo lasema kweli zaidi kuliko sifa na lawama zote. Kimbilio hakimwulizi mtu nasaba yake anapoingia; lakini anayekikimbilia huja na nasaba yake, naye hutumaini kutoka nayo. Kwa Kiswahili twasema, "Yatima hadeki." Asyut walikuwako maelfu ambao, kwa ukaidi wa mwanamke mmoja na ukarimu wa majirani wengi, walipata mahali pa kudeka kidogo.