Sura nyeusi kwenye picha za zamani: ngozi inasingiziwa

Kila tukiongelea historia ya Iringa tunaishia kwa Mkwawa. Leo nakuja na kitu kidogo kinachoenea kiganjani: kipima mwanga cha enzi za kamera za mkanda.

Kwa nini? Fungua albamu ya zamani, ya Idodi au ya kwenu. Hukosi picha ya saa sita mchana: ukuta wa chokaa, mashati meupe yanang'aa, ila sura za wazee giza tupu, unaona macho na meno. Watu wanacheka, "sisi weusi tumezidi bwana". Mi nasema hapana.

Mkanda hausamehe. Mwanga ukizidi picha inaungua, ukipungua inakuwa giza, na majibu unayapata mpaka mkanda usafishwe. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, wapiga picha walitegemea zaidi jicho, uzoefu na majedwali. Mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ikaleta kipima mwanga cha seleniamu. Betri hakihitaji: mwanga ukigonga seli unazalisha umeme kidogo, mshale unacheza, unasoma namba, unazungusha kisahani, unapata tundu la lenzi na kasi.

Tatizo ni kwamba kilipima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, huku kikiamini kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Kijivu, wadau! Tembo wa Ruaha, hapo jirani na Idodi, anakikaribia kijivu hicho kuliko bibi yako. Ukikielekeza kwenye ukuta wa chokaa kinadhani mwanga umezidi, kinakuambia punguza. Ukuta unatoka kijivu, bibi anatoka mkaa. Kamera zenye kipimo ndani nazo zikarithi ugonjwa huohuo.

Dawa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1930. Mmarekani Don Norwood alibuni kipima chenye kibakuli cheupe, kama nusu ya mpira wa tenisi ya meza. Hiki hakimpimi bibi, kinapima jua linalomwangukia. Unasogea alipo, unaelekeza kibakuli kwenye kamera, unasoma. Ukuta mweupe au mweusi, ngozi yoyote ile, jibu halibadiliki maana jua ni lilelile. Baadaye Sekonic ya Japani ikaendeleza muundo huo.

Asiye na kipima alikuwa na kanuni ya 16: jua kali, mkanda wa 100, weka tundu 16 na kasi ya 1/125. Nayo inafuata jua, haiangalii rangi ya mtu.

Ila kipima nacho si mganga. Maabara za rangi zilitumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama "Shirley", kurekebishia rangi. Picha iliyopigwa vizuri iliweza kuharibikia huko.

Sasa sisi tunaosomea ualimu wa historia, tunawaambia wanafunzi kwamba picha ni ushahidi. Sawa, lakini ushahidi wa nini? Kabla ya kusema lolote juu ya aliyepigwa, tuulize mwanga ulipimwa wapi. Vinginevyo mtoto anakua akiamini babu yake alikuwa kivuli.

Na kama negativu za nyumbani bado zipo, msizitupe jamani. Wakati mwingine sura ya mzee imo mlemle, ni uchapaji tu uliomficha. Wikiendi njema!