SENEMA NA WENYE BUNDUKI

Leo tutazungumza juu ya senema, na juu ya watu wa serikali wenye bunduki: askari, wapelelezi na mabwana nyama. Wewe uliye darasani, soma polepole, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

Fikiri kwanza jambo hili. Mtu anataka kutengeneza senema juu ya askari. Anahitaji magari, ndege, sare, na ruhusa ya kuingia mahali palipofungwa. Vitu hivyo viko mikononi mwa serikali, basi huenda kuomba. Mwenye vitu akikubali, naye hutaka lake: aonyeshwe vizuri. Mwombaji atabisha vipi? Akibisha, atanyimwa.

Tuchukue mfano wa Marekani. Huko kuna shirika la wapelelezi liitwalo FBI. J. Edgar Hoover aliliongoza tangu mwaka 1924 mpaka alipokufa mwaka 1972. Hoover alijua nguvu ya picha. Mwaka 1965 televisheni ilianza kuonyesha hadithi za wapelelezi wake, nazo ziliendelea mpaka 1974. Maandishi ya kila hadithi yalipelekwa kwanza kwa shirika lake yakasomwe. Lisilopendeza lilifutwa. Kwa hiyo watu waliona wapelelezi nadhifu, wakweli, wasiokosea.

Lakini miaka ile ile wapelelezi hao walikuwa wakisikiliza kwa siri simu za Martin Luther King, aliyepigania haki za watu weusi. Mwaka 1964 walimpelekea barua ya vitisho isiyo na jina. Hayo hayakuonyeshwa. Raia waliyajua baadaye, hasa Baraza la Seneti lilipochunguza mwaka 1975.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu, mwenye bunduki aliyejulikana zaidi katika senema hakuwa mpelelezi. Alikuwa bwana nyama wa Serengeti.

Mwishoni mwa mwaka 1957, Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliondoka Ujerumani pamoja na mwanawe Michael. Walikuja kwa ndege ndogo iliyopakwa rangi kama punda milia. Wakati huo serikali ya Kiingereza ilikuwa ikibadili mipaka ya Serengeti. Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri wahesabu wanyama na kufuata njia zao. Walihesabu wanyama 366,980. Walipiga na senema pia, wakisaidiwa na watu wa hifadhi.

Januari 1959 ndege ilianguka na Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Senema yao, isemayo kwamba Serengeti isife, ilitoka mwaka huo huo. Mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani.

Hatusemi kwamba senema ile ilikuwa uongo. Mitego ya waya ilikuwapo, nayo iliua wanyama wengi. Wala hatusemi kwamba Grzimek alilazimishwa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu. Aliyepiga picha na aliyetoa ruhusa walitaka jambo moja.

Lakini tazama tarehe. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi mapatano ya kuhama Serengeti. Kufikia mwisho wa 1959, watu na mifugo walikuwa wameondolewa Moru na sehemu nyingine, wakaja Ngorongoro na Loliondo. Huenda babu yako alikuwa mmoja wao. Wazee wale hawakuwa na kamera. Mtazamaji wa Frankfurt alimjua simba, akamjua na bwana nyama. Hakumjua mama aliyeacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Juni 2022 Serikali iliweka vigingi vya mpaka mpya Loliondo, na watu wa Arash wanakumbuka. Palitokea mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa, wenyeji walijeruhiwa, na wengine walikimbilia Kenya. Serikali ilisema inalinda mazalia ya wanyama na vyanzo vya maji. Wenyeji walisema ardhi ni ya vijiji vyao. Safari hiyo wenyeji walikuwa na simu za mkononi, na picha zao zilifika mbali.

Basi, ndugu msomaji, simu nayo ni kamera. Picha yako pia ina ukingo, na nje ya ukingo kuna kitu ulichokiacha. Kwa hiyo mwulize kila mpiga picha, nawe ujiulize: Nani alitoa ruhusa? Nani alisoma maneno kabla yetu? Nani hakuonyeshwa? Ajuaye kusoma herufi amepata jicho moja. Ajuaye kusoma picha amepata la pili.

MASWALI
1. Kwa nini mtengeneza senema huhitaji msaada wa serikali?
2. Hoover alihakikishaje kwamba watu wake wanaonyeshwa vizuri?
3. Waulize wazee wa kwenu habari za mwaka 1959. Andika sentensi tano, kisha uzisome darasani.