Kibanda cha mtu mmoja

Wengi wetu tulipofika tulipewa kiwanja, miti kadhaa, kamba na turubai, tukaambiwa haya, jengeni. Mwenye familia alikuwa na mikono ya kumsaidia. Je, aliyekuja peke yake? Hiyo ndiyo historia tunaandika leo, na haikuanza na sisi.

Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka. Amin alihesabiwa mtu wa West Nile, basi watu wa huku wakalipizwa kisasi kwa makosa yake. Vita vilipofika Arua na Koboko mwaka 1980, watu wengi sana walivuka mpaka, wengine Sudan, wengine Zaire, ambayo leo ni Kongo. Yaani wenyeji wetu nao walikuwa wakimbizi. Walirudi miaka iliyofuata, wengi wakakuta nyumba zimebomoka, wakaanza upya.

Kambi ya Lobule, Koboko, ilipokea Wakongo kuanzia 2013. Huko mwenzetu mmoja alihangaika siku mbili na mti wa juu wa kibanda. Akiinua upande huu, ule unaanguka. Mzee mmoja mwenyeji akapita, akacheka.

"Mwanangu, unataka kuinua nyumba yote mara moja?"

Akamwonyesha. Nguzo ziwe na panda juu. Shimo liingie mkono mpaka kwenye bega, na udongo ushindiliwe vizuri. Inua mwisho mmoja tu wa mti, uulaze kwenye panda, funga kamba bila kukaza, halafu ndio uende upande wa pili. Miguu ya nguzo ipake oili chafu, maana mchwa wa huku hawana huruma.

"Nilijifunza Sudan," akasema. "Nilikuwa kijana kama wewe, sina mtu."

Hakuomba hela. Aliomba jambo moja: "Ule mwembe usiuguse. Niliupanda niliporudi."

Tusidanganyane, sisi na wenyeji tunagombana kwa sababu ya miti. Imvepi ilipofunguliwa tena 2017 kwa ndugu zetu wa Sudan Kusini, kila familia ilihitaji nguzo na kuni, na msitu ulikuwa uleule. Mwenyeji akikasirika, si kwamba hajui ukimbizi. Anajua pia kurudi na kukuta hakuna kitu.

Kwa hiyo kabla ya kukata, tuulize mti ni wa nani. Na kama wiki hii jirani yako mpya amepewa kiwanja na yuko peke yake, nenda ukamshikie upande wa pili.